Medali ya Tatu

Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, Eddah hutoa mito ya makochi na kuiegemeza ukutani, ili mwanawe akija asipate taabu ya kuiinua. Kisha husogeza meza ndogo, hufungua milango ya kabati la vyombo, hushusha debe la unga kutoka rafuni, na kurudi jikoni kugeuza samaki. Nyumba yake iko Mtongwe, nyuma ya barabara inayoteremka kwenye kivuko cha zamani. Mgeni apitaye saa hiyo akiuona mvurugo ule hudhani Mama Charo anahama. Majirani hawadhani hivyo. Wanajua ni saa ya Charo.

Charo alikufa vitani, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa sajini katika jeshi la anga, fundi wa helikopta, jina la ubatizo Erastus, ingawa ni kanisani tu alikoitwa hivyo. Walimzika Ganze kwa baba zake, kwa bendera na tarumbeta, na mwaka uliofuata akaanza kuja nyumbani jioni.

Huingia kwa mlango wa jikoni. Husema hodi, ingawa ni kwao, na hupangusa buti kwenye gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti ule kwanza."

"Nikimaliza, mama."

Wala hamalizi. Huanza na debe la unga, mkono hadi kwenye kiwiko, na unga haumshiki. Hupapasa kila kikombe kabatini. Hulala kifudifudi atazame chini ya kochi, chini ya friji, chini ya kitanda cha mamake, na kila anachokigusa hukirudisha palepale alipokikuta, maana alikuwa mtoto nadhifu tangu zamani. Giza likishaingia sawasawa hutoka kwa mlango uleule. Sahani yake hubaki mezani na Eddah humpa paka.

Nyuma yake huacha vumbi jekundu la huko alikofia. Zamani Eddah alilifagia akalitupa. Siku hizi hulikusanya kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, kwa sababu Mwanarehema, jirani anayekaanga viazi karai, husema hajapata kitu cha kusugulia sufuria kama hicho.

"Wallahi, Mama Charo, latoa masizi yote," humwambia. "Mwambie Charo asijipanguse sana."

Mwanarehema ana sababu nyingine ya kumpenda Charo. Jioni moja alimruhusu atafute na kwake, na chini ya kreti za soda Charo akaikuta hereni iliyopotea tangu harusi ya bintiye. Aliiweka mezani, akasema sicho anachotafuta, akaendelea.

Eddah alichelewa kumuuliza anatafuta nini. Mzazi huogopa kuuliza jambo ambalo jawabu lake litalala naye. Alipouliza hatimaye, Charo alimjibu akiwa chini, mkono wote umezama nyuma ya kabati.

"Spana, mama. Namba kumi."

Akamweleza bila haraka. Karakana yao ilikuwa na ubao, na juu ya ubao limechorwa umbo la kila kifaa: bisibisi na umbo lake, koleo na lake, kila spana na lake. Kazi ikiisha, kila kifaa hurudi kwenye umbo lake. Umbo moja likibaki tupu ndege hairuki, hata anayeingoja awe nani, kwa maana chuma kilichosahaulika ndani ya helikopta hakitulii. Siku ile umbo la spana namba kumi lilikuwa tupu. Charo akasema ndege hairuki. Lakini mkubwa wa kikosi alikuwa na mgeni aliyetaka kufikishwa kambi ya mbele kabla ya chakula cha mchana. Akamwambia Charo kwamba fundi anayeiogopa kazi yake si fundi, na kama ana wasiwasi, apande naye.

"Nikapanda," alisema Charo. "Mgeni tulimfikisha salama. Ni tulipogeuka kurudi ndipo mkia ulipokatika."

"Na kwa nini wewe ndiye wa kuitafuta?"

"Zamu ilikuwa yangu, mama. Mwenye zamu haondoki mpaka hesabu itimie."

Eddah alirudi jikoni. Samaki alikuwa ameungua upande mmoja. Aliukwangua kwa kisu, akala mwenyewe.

Jeshi lilikuwa limemwambia vingine. Lilisema ndege ilipigwa na adui, na kwamba Sajini Charo alibaki mlangoni akijibu risasi kwa risasi hadi dakika ya mwisho. Maneno hayo yamechongwa kaburini. Eddah alikuwa ameyaamini, ingawa alimjua mwanawe: mtu wa mfuko wa vifaa, aliyekuwa akifungua redio na pasi za watu tangu darasa la nne, na ambaye bunduki aliibeba siku za gwaride tu.

Medali za Charo ni tatu. Zinaning'inia sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa. Ya kwanza ni ya utumishi na mwenendo mwema. Ya pili hupewa kila askari aliyevuka mpaka. Hizo mbili Charo alizipata akiwa hai, na hazijamsumbua mtu. Ya tatu ni ya ushujaa. Hiyo alikabidhiwa Eddah uwanjani, mbele ya watu, na mkubwa yuleyule wa kikosi, aliyemshika kwa mikono miwili na kutokwa na machozi. Eddah alimwonea huruma. Alitoa leso yake mwenyewe akampangusa mtu yule uso, na hilo linamuuma hadi leo kuliko mengine yote.

Mwanzoni mwa Kwaresma medali ya tatu ilianza kurefuka.

Eddah alidhani ni unyevu. Pwani kila chuma huota kitu. Aliipangusa kwa ndimu na jivu, kama anavyopangusa bilauri, na asubuhi yake akaikuta imerefuka zaidi. Baadaye ikaanza kunuka grisi. Ngao iliyochongwa katikati ilififia ikawa laini, upande mmoja pakapasuka mdomo, upande wa pili pakatoka pete. Kufikia Ijumaa Kuu ilikuwa spana kamili, namba kumi, inaning'inia kwenye utepe wake mwekundu na buluu. Zile nyingine mbili zilibaki vilevile.

Charo hakuiona. Hakuwa akitazama ukutani. Chuma kilichopotea hutafutwa chini, ndivyo alivyofundishwa, na kwa mtu mwenye nidhamu kama yeye mafunzo hayaishi kwa sababu ya kufa.

Jamaa wa askari aliyekufa huvaa medali zake upande wa kulia wa kifua. Upande wa kushoto ni wa mwenyewe. Eddah huzivaa mara mbili kwa mwaka, na mojawapo ni Pasaka. Jumapili ile alizibandika zote tatu kama kawaida. Spana ililivuta gauni hadi bega likaonekana, kwa hiyo Mapenzi, mwenyekiti wa kina mama, alimwongezea pini mbili za nepi hapo mlangoni mwa kanisa. Mchungaji alimwita mbele. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya Sajini Erastus, kwa ushujaa wake na kwa nishani tatu ambazo mama yetu amezivaa leo, na watu wakapiga makofi. Spana iligonga mimbari mara moja Eddah alipoinama kubarikiwa.

"Hiyo ya tatu imekuwa nzito, Mama Charo," alisema Mapenzi baada ya ibada.

"Imekuwa nzito."

"Pole, dadangu. Chai iko huku."

Siku ya pili alikuja Mzee Gona, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Gona amechimba mawe Bamburi hadi kifua kikakataa, na sasa kazi yake ni kutembelea jamaa na kuwaeleza walipokosea. Alikula, akakohoa, akavaa miwani akaisogelea spana pale ukutani.

"Ndicho kitu anachotafuta?"

"Ndicho."

"Basi mpe leo."

Eddah akaanza kukusanya vyombo.

"Shemeji, koma akiomba hupewa," alisema Gona. Koma, kwa Wagiriama, ni wafu wa ukoo, na Gona huwazungumzia kama watu waliotoka dukani kidogo. "Akitaka nguo, apewa nguo. Akitaka tembo la mnazi, amwagiwa. Haambiwi angoje."

"Charo si koma, shemeji. Charo ni Mkristo."

"Haya, Mkristo aliyekufa, atafutaye spana chini ya kochi. Mwite utakavyo. Mpe kitu chake."

"Nikimpa atakwenda zake," alisema Eddah, "na ule uongo utabaki. Uko kanisani, uko hadi juu ya kaburi. Nataka niwapelekee watu wa jeshi waione kwa macho yao. Waseme wenyewe kwamba mwanangu alikataza ndege isiruke, wakamlazimisha. Wakishasema, nampa siku hiyohiyo."

"Na wasiposema?"

"Watasema nini tena, shemeji, na spana hii hapa?"

Gona alivua miwani. Alisema waliompandisha mtu kwenye ndege mbovu hawaoni haya kwa ajili ya spana. Alisema tena kitu kile si cha Eddah wala si cha jeshi, ni cha aliyekiomba. Kisha akaondoka mapema, kwa sababu vumbi la Charo humzidishia kikohozi.

Eddah alikuwa na hoja nzuri, na hoja nzuri ndizo zinazoponza watu wazima. Alitaka haki ya mwanawe, hilo ni kweli. Ila lilikuwapo na jambo jingine, ambalo hakumwambia Gona wala hakuliombea kanisani. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona mwanawe kila jioni. Nani atakayeharakisha jioni ya mwisho?

Jioni hiyo aliitoa spana ukutani, akaifunga kwenye pindo la leso, akaifutika kiunoni tayari kwa safari ya asubuhi. Charo alikuja, akaamkia, akaanza na debe la unga. Alipopapasa mguu wa kiti alichokalia mamake, kichwa chake kilikuwa karibu na pindo lile kiasi cha kulinusa. Eddah aliyaona masikio yake, ambayo ni ya babake, na kovu la utosini alilolipata kwa kuanguka mnazini. Mkono ulimwenda kiunoni wenyewe, akauzuia.

"Hujaiona, mama?"

"Bado, mwanangu. Kesho."

"Haya, mama."

Asubuhi alivuka feri pamoja na watu wa kazini, akafika ofisi inayoshughulikia jamaa za wanajeshi waliokufa. Alipokewa na Kapteni Kimani, kijana mtaratibu wa kutoka bara, ambaye alisimama alipomwona, akamvutia kiti na kumletea maji. Ukutani juu ya meza yake palikuwa na picha ya mkubwa yule wa zamani wa kikosi. Sasa alikuwa mkubwa zaidi. Medali zake pichani zilijaa safu nne, na Eddah alizitazama moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa imegeuka kitu.

Alifungua pindo akaiweka spana mezani, utepe ukiwa juu.

"Aa," alisema Kapteni Kimani. "Na yako imeanza."

"Imeanza nini?"

"Kubadilika, mama. Hizi vitu hubadilika. Usijali, hiyo si shida."

Alifungua kabati la chuma nyuma yake amwonyeshe. Rafuni kulikuwa na betri ya redio imevimba, buti moja lisilo na soli, chupa ya maji tupu, na kitu ambacho Eddah alidhani ni kufuli la mlango wa lori. Kila kimoja kilikuwa na utepe mwekundu na buluu. Kapteni alisema vimetoka kwa akina mama wa Kisauni, wa Changamwe, hata wa kule kwao Nyeri. Vingine vilikuja vimefungwa kwa nailoni, kingine kwa taulo la mtoto.

"Na mnawaambia nini wenyewe?" aliuliza Eddah.

"Tunawabadilishia."

Eddah alisema yote aliyokuja kuyasema. Alieleza juu ya ubao na umbo lililobaki tupu, juu ya mgeni na chakula chake cha mchana, na maneno aliyoambiwa mwanawe mbele ya wenzake. Alisema anataka mtu wa jeshi aje asimame kanisani na kusema hayo, kisha maneno ya kaburini yafutwe. Kapteni alimsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti, na hakubisha hata neno moja.

"Ni hivyo, mama," alisema. "Ilikuwa hivyo. Sisi wote tunajua."

"Basi semeni."

"Inajulikana, mama. Ikijulikana si imetosha?" Alitazama picha iliyo ukutani, akainamisha macho. "Mimi naweza tu kukubadilishia."

Akatoa kwenye droo kisanduku cha mahameli, ndani mna medali ya ushujaa, mpya, inang'aa. Akakiweka mbele ya Eddah kwa mikono miwili. Kisha akaichukua spana, akaufungua utepe, akaigeuzageuza mwangani asome namba iliyochongwa ubavuni. Alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hii ni yetu, mama. Imetafutwa sana hii."

"Nirudishie," alisema Eddah. "Mwenyewe anaitaka."

"Mama, hii ni mali ya serikali. Inarudi kwenye ubao wake. Hesabu yetu sasa imetimia."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema. Eddah alirudia kuomba. Aliomba kama mama, kisha kama mjane, mwisho akaomba kwa jina la Bwana Yesu, na kila mara kijana yule alimwambia pole sana, mama. Baadaye alimsindikiza hadi barabarani, akamsimamishia tuktuk. Hakuna aliyemnyang'anya Eddah. Aliifungua leso kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka spana mezani mwenyewe. Watu husema majuto ni mjukuu. Eddah hakujaliwa mjukuu kwa Charo, akajaliwa hayo.

Nyumbani alikitundika kitu kipya mahali pa kile cha zamani, kwa sababu msumari ulikuwa mtupu na hakujua la kufanya na kisanduku. Mwanarehema alipita na sufuria yake, akachungulia dirishani.

"Wamekupa nyingine?"

"Wamenipa."

"Na ile?"

"Wameichukua."

Mwanarehema aliihamishia sufuria mkono wa pili. "Wallahi, ungalimpa mtoto," alisema, na baada ya hapo hakulitaja tena jambo hilo, maana ni jirani mwema.

Jioni mito ilikuwa ukutani kama kawaida. Charo alipangusa buti, akaamkia, akapitia debe na kabati na makochi. Alipotoka chini ya meza alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Chini kote alikuwa amekwisha kutafuta, miaka na miaka. Akainua macho. Eddah alimwona akiinua macho.

Charo aliusogelea ukuta. Aliishika medali ya tatu kwa vidole viwili, akaiinua, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kimejificha. Hakikuwapo. Akaishusha polepole, akaunyoosha utepe ukae sawa na zile mbili nyingine.

"Huku juu nilikuwa sijatafuta kabisa," alisema. "Hujaiona, mama?"

Eddah anajua ilipo. Inaning'inia kwenye umbo lake, safi, imepakwa mafuta, mahali ambapo hakuna anayeihitaji. Angemwambia, Charo angekwenda huko usiku huohuo, akasimame langoni, aambiwe kwamba hesabu ilitimia bila yeye. Eddah asingempata tena. Na Charo angejua pia nani aliyeitoa nyumbani.

"Bado, mwanangu," alisema.

Safari hii hakusema kesho. Aliitazama medali ile mpya usiku kucha, na usiku mwingine, na hata sasa huitazama kila aamkapo, akiinusa kama imeanza kutoa harufu ya grisi. Haijanuka kitu. Inang'aa tu, na Pasaka iliyofuata mchungaji aliisifu.

Samaki siku hizi humkaanga mapema ili jioni awe na nafasi. Charo akiingia hukuta tochi imekwisha kuwashwa. Mama mtu hupiga magoti kando yake juu ya vumbi jekundu, shingo imeinama, na humshikia mwanga chini ya kabati, mahali anapojua vizuri kwamba hamna kitu.